Dole la Kwanza

Simu tano zilikuwa zimelazwa ndani ya bakuli la chuma, lile la umbo la figo ambalo wauguzi huwekea pamba na mabomba ya sindano, na nyaya zake zilikuwa zimesongamana kwenye soketi pekee ya wodi iliyokuwa bado na uhai. Kila ujumbe ulipoingia, zilitetemeka zote kwa mpigo, na bakuli likapiga kelele za sufuria iliyoanguka. Wagonjwa wa zamani walikwisha kuzoea. Yule wa kitanda cha tatu, aliyelazwa jana yake, alikuwa akishtuka kila mara na kuuliza kama ni yeye anayeitwa.

Soketi ilikuwa ya hospitali, lakini nyaya zilikuwa za daktari kijana ambaye wodi nzima ilimwita Chaja. Alikuwa katika mwezi wa nane wa mafunzo kazini, mwaka ule ambao msichana aliyehitimu huitwa daktari na kila mtu na kutumwa na kila mtu vilevile. Mfukoni mwa koti lake jeupe hamkukosekana waya, na aliyeishiwa chaji, awe muuguzi au ndugu wa mgonjwa, alijua pa kwenda. Alikuwa na macho mekundu na mazoea ya kusinzia amesimama, bega limeegemea ukuta, kalamu ingali mkononi. Walimcheka kwa hilo bila ubaya, maana nao walikuwa hoi vilevile.

Kundi lao la simu liliitwa “Wodi ya Tano, Kazi Tu.” Lilianzishwa na Daktari Bingwa mwenyewe, mama wa makamo mwenye sauti ndogo iliyotisha kuliko kelele, baada ya kuchoshwa na karatasi za majibu zilizotoka maabara leo zikafika wodini kesho. Tangu hapo mtu wa maabara alikuwa akiyapiga picha majibu na kuyatuma papo hapo, kwa namba ya kitanda tu, kwa kuwa majina yalipigwa marufuku. Na haki isemwe: simu ilikuwa imeokoa watu. Mwezi wa tatu wa mafunzo yake, Chaja alituma picha ya mapigo ya moyo ya mama mmoja mzazi, mistari ambayo hakuielewa hata chembe, na katika dakika nne Daktari Bingwa, aliyekuwa kwenye foleni ya mafuta, akamwandikia dawa na kipimo chake. Mama yule alitoka hospitali kwa miguu yake, mtoto mgongoni. Kwa hiyo Chaja hakuwa na ugomvi na simu. Aliipenda jinsi mtu anavyompenda mwenzake wa zamu.

Mambo yalianza kupinda kwenye dole. Siku moja Daktari Bingwa alituma maagizo ya mgonjwa na hakuna aliyejibu. Kesho yake, kwenye mzunguko wa asubuhi, alisema kwa ile sauti ndogo, “Kuanzia leo, aliyeona ujumbe aweke dole, ile alama ya gumba. Nikikuta madole yamepungua, nitajua nani amelala.” Watu wakaweka madole. Lakini Kazi Tu haikudumu kuwa kazi tu hata wiki mbili. Yaliingia matangazo ya vikao, pongezi za siku za kuzaliwa, picha ya paka aliyejilaza kwenye kitanda cha kupimia, na video za kijana mwenzao waliyemwita Msemaji, aliyekuwa na maelfu ya wafuasi mtandaoni waliomsikiliza akiwafundisha kunywa maji na kulala mapema. Ujumbe ukawa mafuriko, na madaktari vijana wakajifunza kuweka dole bila kusita, moja baada ya jingine, kidole kikiteremka kwenye kioo huku akili iko kwingine. Kazi hiyo waliipa jina. Waliiita kufagia. “Umefagia?” waliulizana kabla ya mzunguko, na aliyekwisha kufagia alikuwa salama.

Nyumbani pia Chaja alifagia. Mama yake, aliyekuwa akiishi naye katika vyumba viwili nyuma ya soko, alikuwa mtu wa kutuma sauti ndefu zenye majirani, bei za vitu na maswali matatu kwa pamoja. “Nakuuliza umekula, wewe unanitumia kidole,” alilalamika mara moja. “Mimi si mgonjwa wako!” Chaja aliisikiliza nusu ya sauti hiyo akipanda ngazi, akaiwekea dole.

Kitanda cha kumi na moja, karibu na dirisha, kilikuwa cha Bibi Simu. Jina hilo alijipa mwenyewe. Alikuwa ameunganisha simu za watu kwa miaka ishirini na tisa, enzi za mitambo ya kuchomeka nyaya, na figo zilizoanza kumgomea zilikuwa zimemvimbisha miguu bila kumpunguza ulimi.

“Njoo hapa, wewe mwenye kichwa chini,” alimwita Chaja asubuhi moja. “Shingo itakukaukia hivyo hivyo, mchumba akija adhani umedondosha sindano.”

“Nasoma majibu yako, bibi.”

“Yanasemaje?”

“Ya leo mazuri. Tutapima tena Jumatano.”

“Na ukishayasoma, unamwambia nani?”

“Wenzangu wanayaona hapa hapa. Ona, wameweka dole.” Chaja alimwinamishia kioo.

Bibi Simu alivaa miwani, akavitazama vile vidole vya njano kwa dharau ya mtu aliyeonyeshwa mshono mbovu. “Hilo nalo jibu? Enzi zetu ungefukuzwa kazi. Ukimuunganisha mtu, unakaa kwenye laini mpaka umsikie wa upande wa pili anasema naam, nakusikia. Ndipo unatoka.” Akapunguza sauti. “Mimi mara nyingi nilichelewa kutoka. Makusudi!” Alicheka mpaka akakohoa, na Chaja akamshika mgongo. “Niliyoyasikia humo, mjukuu wangu, siwezi kwenda nayo kaburini. Nitakuhadithia. Lakini uje ukae. Sitaki mtu aliyesimama kama anasubiri basi.”

“Nitakuja, bibi.”

“Ukae,” alirudia bibi.

Chaja aliahidi, na aliahidi kwa dhati. Wiki ikapita bila yeye kupata dakika kumi za kukaa popote.

Jumatano ilimkuta kazini tangu Jumanne asubuhi. Alikuwa amepokea wagonjwa kumi na wanne, ameshona kichwa cha mtu mmoja, ameandika vyeti viwili vya kifo, na saa saba mchana alijipenyeza kwenye stoo ya mashuka, akakaa juu ya furushi akiwa na kipande cha mkate na chai iliyopoa. Msemaji alikuwa humo, simu yake imeegemezwa kwenye rafu. Mashuka meupe yalimfaa kwa mandhari, na alikuwa akirudia kwa mara ya tatu maelezo yake juu ya faida za usingizi, akisimama katikati ili apige miayo. Chaja alifungua kundi. Ujumbe tisini na nne. Akatafuna mkate na kufagia.

Ujumbe wa tisini na tano, ulioingia akiwa bado anafagia, ulikuwa picha kutoka maabara. Hakuuona, au tuseme jicho lilipita juu yake na kidole kikafanya kazi kiliyoizoea. Dole lake lilikuwa la kwanza. La pili likafuata, na la tatu, maana anayekuta mwenzake ameshaona hushusha pumzi na kuendelea na yake. La tano lilikuwa la Daktari Bingwa, aliyekuwa kliniki na watu sitini mlangoni. Chaja alimaliza chai, akafuta makombo kwenye koti, akarudi wodini akiwa na amani ya mtu aliyefagia nyumba yake.

Saa nane na nusu binti wa Bibi Simu alimsimamisha kwenye ujia. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, na alikuja kila siku kwa miguu akiwa bado na vumbi la chaki kwenye mkono wa kulia. Wauguzi walimwita Mwalimu, naye aliitika.

“Samahani, daktari. Mama leo simwelewi. Hana nguvu, anasema mikono si yake. Yale majibu ya damu ya asubuhi yametoka?”

“Bado, dada. Tunasubiri maabara.”

Alilisema kwa moyo mweupe kabisa. Hata alimgusa bega. Kisha akaenda naye mpaka kitandani, akamshika Bibi Simu kifundo cha mkono, akaona mapigo yanakwenda polepole, akajiambia kwamba majibu yakija atajua la kufanya.

“Umechoka, bibi?”

“Nimechoka kukungoja ukae,” alisema bibi, na sauti ilikuwa ya mbali.

“Yakitoka tu nitakuja mwenyewe,” Chaja alimwambia Mwalimu. Mlangoni walikuwa wameshamletea wagonjwa wawili wapya, mmoja akitapika. Akaenda.

Saa kumi kasoro moyo wa Bibi Simu ulisimama. Walimkandamiza kifua kwa dakika arobaini, Chaja na Sista mkuu wa wodi wakipokezana, na muda wote huo bakuli la chuma lilikuwa likipiga kelele kwenye meza, kwa sababu kwenye kundi ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mtu. Mwishowe Sista alimshika Chaja mikono, akaituliza juu ya kifua kile kilichonyamaza. “Inatosha, mwanangu,” alisema. “Angalia saa, tuandike.”

Saa kumi na moja mtu wa maabara alikuja mbio na rundo la karatasi zenye muhuri. Alipoona pazia limezungushwa kitanda cha kumi na moja, alisimama.

“Si niliwatumia?” alisema. “Saa saba na dakika kumi. Niliandika haraka. Dole lako, daktari, lilikuja pale pale, hata simu sijaiweka chini. Halafu yakafika matano. Nikasema basi, wameshamshughulikia.”

Chaja alikwenda kwenye bakuli, akachomoa simu yake, akapandisha ujumbe mmoja mmoja: keki, paka, tangazo la kikao. Akaikuta. Kitanda cha 11. Potasiamu 7.1. Haraka. Ni chumvi ya damu ambayo figo ikishindwa kuitoa hulundikana, na ikilundikana huupunguza moyo mwendo mpaka unasimama. Dawa ya kuukinga moyo, kabla ya zile za kuishusha chumvi yenyewe, ilikuwa kabatini, hatua kumi kutoka kitandani, chupa nne. Ingechukua dakika tano kuingia mshipani, na yeye alikuwa na saa tatu kasoro.

Alikwenda msalani, akafunga mlango, akakaa sakafuni. Hakulia. Aliona aibu kubwa kuliko huzuni, na kuona hivyo kukamwongezea aibu.

Alhamisi Msemaji aliwaita madaktari vijana wenzake watatu kwenye stoo ya mashuka. Alikuwa hajarekodi video tangu jana.

“Kikao cha vifo ni Jumatatu,” alisema. “Karatasi ya maabara ilifika wodini saa kumi na moja, muhuri upo. Hilo ndilo liko kwenye faili, na hilo ndilo tutasema. Ya kwenye simu si faili.”

“Na madole?” aliuliza mmoja.

“Dole linatoka. Uliguse tu mara ya pili. Na ujumbe wenyewe unajifuta baada ya siku saba, Daktari Bingwa ndiye aliyeuweka hivyo.”

“Mtu wa maabara anajua,” Chaja alisema.

“Anajua, na hataki kuulizwa kwa nini hakupiga simu.” Msemaji alimtazama, na macho yake yalikuwa ya kuomba, hayakuwa ya kutisha. “Chaja, tumebakiza miezi minne. Ukiandikwa sasa, hawakupi leseni. Miaka sita ya chuo na huu mwaka, yote maji. Mama yako utamwambia nini? Na bibi harudi. Hata tukijitundika wote kwenye hii rafu, harudi.”

Hakuna aliyebisha. Chaja pia hakubisha. Alikuwa amechoka kiasi kwamba maneno ya Msemaji yalimwingia kama maji ya moto yanavyoingia kwenye miguu iliyosimama kutwa.

Jioni, nyumbani, alijilaza na viatu vyake, simu juu ya kifua. Aliifungua picha ile. Madole yalikuwa matano. Alipoitazama tena baada ya kuosha uso, yalikuwa matatu. Kisha mawili. La nne kutoka lilikuwa la Daktari Bingwa, na lilipotoweka Chaja alishtukia anapumua kwa nafuu, nafuu chungu, kana kwamba mkubwa amemfungulia mlango na kumwambia pita. Likabaki moja, lake. Akalisogelea kwa kidole.

Mama yake aliingia na taa ya mkononi, maana umeme ulikuwa umekatika bila Chaja kujua. “Umesikia niliyokutumia asubuhi?”

“Nimesikia, mama.”

“Unasemaje, sasa?”

“Sawa tu.”

“Sawa nini?”

Mama yake akakaa pembeni ya kitanda, kitanda kikalia. “Nilikwambia shangazi yako anapasuliwa jicho kesho, na anaogopa, na ameomba uongee naye. Ameshinda kutwa na simu mkononi. Mimi nilimwambia, mtoto amesikia, ameweka kidole, tulia atakupigia.” Sauti yake haikuwa na ukali. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekwishaanza kuzoea, na hiyo ndiyo iliyomchoma Chaja. “Basi, lala. Nitamwambia una kazi.”

“Nipe namba yake.”

“Saa hizi umechoka.”

“Mama, nipe.”

Aliongea na shangazi yake nusu saa, akamweleza sindano ya ganzi inaingia wapi na haiingii wapi, akamsikiliza akiomba, akamsikiliza akinyamaza. Hakuikata mpaka shangazi aliposema haya, mwanangu, sasa naweza kulala. Kisha akairudia ile picha. Dole moja, la njano, dogo kuliko punje ya hindi. Aliliacha.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, Mwalimu alikuja kuchukua vitu vya mama yake. Havikuwa vingi: redio ndogo, kandambili, miwani, mtandio, na daftari la chemshabongo lililojazwa nusu. Sista alimhesabia, Mwalimu akatia sahihi. Chaja alikuwa meza ya pili akiandika faili, na aliposikia sauti ile alizidi kuinamia karatasi. Alitamani Mwalimu apite. Mwalimu hakupita.

“Daktari, nisingeondoka bila kukushukuru.”

“Hapana, dada…”

“Acha niseme. Wiki mbili hizi watu walikuwa wananijibu wakitembea. Wewe ulikuwa unasimama. Nilipokuuliza juzi, ulinijibu wazi, majibu bado, nami nikatulia. Ningeambiwa ovyo ovyo ningekuwa nimehangaika.” Alifunga zipu ya begi, ikakwama, akaivuta tena. “Sista ananiambia karatasi ilifika saa kumi na moja. Basi. Yalikuwa yamechelewa, na yeye alikuwa ameshakwenda. Nimekubali.”

Njia ilikuwa nyeupe. Ilitosha kuinamisha kichwa na kusema pole, neno ambalo siku hiyo lilikuwa limeshamtoka mara nne. Mwalimu angekwenda zake na lile “nimekubali” lake, na pengine lingemsaidia kulala. Chaja aliliona hilo pia, na lilimtisha: kwamba huenda anataka kusema kwa faida yake mwenyewe, autue mzigo kwa kumtwisha mfiwa.

“Dada,” alisema, “tukae kidogo.”

Nje ya mlango wa wodi palikuwa na benchi la mbao, begi likawekwa katikati yao. Chaja alikaa. Alijiona amekaa, miguu sakafuni, mikono mapajani.

“Majibu hayakutoka saa kumi na moja. Yalitoka saa saba na dakika kumi. Uliponiuliza yalikuwa tayari kwenye simu yangu. Nilikwambia bado kwa sababu sikuwa nimeyasoma. Lakini niliwajulisha wenzangu kwamba nimeyaona.”

Mwalimu alimtazama muda mrefu, jinsi anavyotazama ubaoni hesabu ambayo haikubali. “Sielewi. Hukuyasoma, ukasema umeyaona?”

“Ndiyo.”

“Nionyeshe.”

Chaja aliifungua picha, akampa simu. Mwalimu aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akafungua begi, akatoa miwani ya mama yake, akaivaa. Akasoma. Kisha akapandisha, akateremsha, na Chaja alijua anayoyaona: keki juu ya bibi, paka chini ya bibi.

“Hiki kidole ni cha nani?”

“Changu.”

“Uliona peke yako?”

“Tulikuwa watano. Wengine wameviondoa.”

“Na wewe?”

“Mimi nimekiacha.”

“Kwa nini?”

Chaja aliyaacha maneno yote ya kujisifu. “Kilikuwa cha kwanza,” alisema.

“Ingekuwaje kama ungesoma?”

“Kuna dawa. Ilikuwepo. Siwezi kukuapia kwamba angepona, figo zilikuwa zimechoka. Lakini angepata dawa.”

Mwalimu hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio wa mama yake, polepole, kioo kimoja na kingine, na machozi yakamtoka bila uso kubadilika. Watu walipita mbele yao na masufuria na mashuka. Chaja alibaki pale alipo. Alijua kwamba akisimama sasa hatakaa tena.

“Nilikuwa namwambia,” Mwalimu alisema, “mama vumilia, daktari amesema bado. Yeye ananiambia mwite yule mtoto. Mimi namwambia, amesema atakuja mwenyewe.”

Simu ilitetemeka mkononi mwake. Aliitazama kwa mazoea tu, kama mtu yeyote, na kisha Chaja akamwona anakunja uso na kuisogeza karibu.

“Imeingia picha nyingine,” alisema. “Kitanda cha tisa. Wameandika haraka.” Akamnyooshea simu. “Nenda.”

Chaja aliisoma mara mbili kwa sauti, akikimbia. Ilikuwa sukari, na ilikuwa imeshuka vibaya. Hakuweka dole. Alimkuta msichana wa kitanda cha tisa amelowa jasho na macho yake hayamwoni mtu. Akamwita Sista kwa jina, akamwonyesha namba kwenye kioo, akangoja mpaka Sista aliposema nimeiona, naleta. Akampigia Msemaji, aliyekuwa ghorofa ya juu na ufunguo wa kabati la dripu za sukari. Hakukata. Alisikia mlango, akasikia ngazi, akamsikia akihema, “Nakuja, nakuja, nimekusikia.” Walitafuta mshipa, wakaupata mara ya pili. Chaja alisimama pale kichwani mpaka msichana alipofumba macho, akayafumbua, na kumuuliza kwa hasira wewe ni nani na kwa nini umenishika mkono.

Msemaji alikuwa akitazama mlangoni, ambako benchi lilionekana kwa ubavu. “Umemwambia,” alisema kwa sauti ya chini.

“Nimemwambia.”

“Umetutaja sote?”

“Nimesema watano. Majina hajaniuliza. Akiuliza nitamjibu.”

Msemaji alijipangusa uso kwa mkono wa koti. Alionekana mdogo, mtoto wa shule aliyevaa nguo za kaka yake. Akaanza kukusanya karatasi za plasta zilizotapakaa kitandani.

Chaja alitoka. Alitamani kulikuta benchi tupu, na aliogopa kulikuta tupu, na uchovu wake ulikuwa umefika mahali ambapo hakuweza kuvitenganisha viwili hivyo. Mwalimu alikuwa pale pale. Redio ilikuwa mapajani, miwani mkononi.

“Amepata dawa?”

“Amepata.”

“Umeona ikiingia, au umetuma tu?”

“Nimeona. Nimekaa naye mpaka akaamka.”

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Hakutabasamu, na Chaja hakutarajia. Alilichukua begi kutoka kwenye benchi, akaliweka sakafuni kati ya miguu yake, na nafasi ikapatikana.

“Haya, kaa,” alisema. “Anzia ile saa saba. Usiruke kitu.”

Chaja akakaa.